Bongo Movie imekufa? Kilichokatika ni njia ya pesa

Anzisha mazungumzo ya filamu za nyumbani kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza, Mabatini au Pasiansi, na hukumu itatoka kabla kikombe hakijapoa: Bongo Movie ilishakufa. Mmoja atasema ilizikwa na Kanumba. Mwingine atasema wasanii wameiua wenyewe, kila siku mapenzi, kila siku jumba la ghorofa na gari la kuazima. Wa tatu atawalaumu wezi wa kazi za wasanii. Usiku ukiingia, wote watatu wako nyumbani na familia zao, wanafuatilia tamthilia ya Kiswahili kwenye kisimbuzi, na nyuso nyingi zilizo kwenye kioo ni zilezile za Bongo Movie waliyoizika mchana.

Sasa ni kitu gani hasa kilichokufa? Swali hili lina uzito kwa sababu kuna vijana wa huku Kanda ya Ziwa, wengine wamesomea habari na utangazaji pale chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, wengine wameanzia kwenye kupiga video za harusi, wanaosema wanatengeneza filamu huru. Wazazi wao wanadhani filamu huru ni filamu isiyo na hela. Wenzao wanadhani ni filamu za kuwapelekea wazungu kwenye matamasha. Na vijana wenyewe, nikiwasikiliza, baadhi wanaelekea kulekule ilikoangukia Bongo Movie, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza iliangukaje. Nataka wafanikiwe, ndiyo maana naanza kulieleza jambo hili kuanzia chini.

Filamu ya soko, filamu huru

Filamu ya soko ni ile inayotengenezwa ndani ya mfumo uliokwishajengwa: kuna mtu wa kutoa fedha, kuna mtu wa kusambaza, kuna mahali pa kuuzia. Anayeingia humo anafuata masharti ya mfumo. Marekani mfumo huo ni makampuni makubwa ya Hollywood. Nigeria ulianzia kwa wafanyabiashara wa kanda za video. Kwetu ulikuwa wasambazaji wachache wa Dar es Salaam, wengi wao Kariakoo, ambao kazi ilipitia mikononi mwao kabla ya kufika Mwanza, Bukoba au Musoma.

Filamu huru ni ile ambayo aliyeitengeneza ndiye aliyeamua hadithi, waigizaji, lugha na urefu wake, na baada ya kazi kwisha haki zake zimebaki kwake, au ameziachia kwa masharti anayoyajua. Mambo mawili tu: maamuzi na umiliki. Bajeti haimo. Mwaka 2025 filamu ya Anora ya Mmarekani Sean Baker ilichukua tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 6. Kwa Hollywood hizo ni fedha ndogo sana, na filamu hiyo inahesabiwa kuwa huru. Kwa Mwanza fedha hizo hata kuziota ni kazi. Upande wa pili, Bongo Movie nyingi zilitengenezwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo mno, na bado zilikuwa filamu za soko, maana aliyeamua ziweje ni aliyezinunua.

Kwa hiyo mtu akikuambia ametengeneza filamu huru, usimuulize ametumia kamera gani. Muulize nani anaimiliki.

Kila chombo kilikuja na kifo chake

Wazee wa mjini wanakumbuka majumba ya sinema ya katikati ya Mwanza na foleni za filamu za Kihindi, vijana wamevaa vizuri, tiketi imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, kwa hiyo aliyetaka kuona picha zinazotembea alikwenda ukumbini. Kisha zikaja deki za video, na mabanda ya kuoneshea. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, watu wakasema sinema imekufa. Watu walikuwa bado wanatazama. Walihamia kwenye banda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Kiswahili zilianza kuuzwa kwenye kanda, kisha VCD, kisha DVD, na hicho ndicho kipindi kilichozaa jina la Bongo Movie. Hapa nataka tutulie kidogo, maana jibu la maswali mengi limelala ndani ya kava la diski.

Nani asiyekumbuka Part 1 na Part 2? VCD moja ilikuwa na uwezo wa kubeba picha kwa dakika kati ya 74 na 80 hivi. Filamu ya saa mbili ilihitaji diski mbili, hakukuwa na ujanja. Baadaye ikaja DVD, ambayo filamu nzima ingekaa humo na nafasi ikabaki, lakini mgawanyo ukaendelea, kwa sababu mnunuzi alishazoea kulipa mara mbili na msambazaji alishazoea kuuza mara mbili. Mtayarishaji naye akawa analipwa kwa kazi yenye sehemu mbili. Hadithi ya dakika 70 ikatakiwa kufika dakika 140.

Ndiyo maana tuliona lile gari. Linakuja barabarani, linafika getini, linapiga honi, mlinzi anatoka, anafungua, gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, kiatu kinagusa chini, mtu anashuka, anatembea mpaka barazani, anabisha hodi. Watazamaji walicheka wakasema waongozaji wetu hawajui kazi. Waongozaji wengi walijua vizuri sana. Walikuwa wanajaza diski. Mfumo uliwalipa kwa urefu, wakaupa urefu. Nalieleza hili kwa sababu lawama ya kwamba wasanii wetu hawana akili ya kutunga imewaumiza watu waliokuwa wanafanya kazi kwa masharti ya mtu mwingine.

Sangara mzima kwa bei moja

Kuna jambo lililofanyika mezani kwa msambazaji ambalo ndilo kiini cha yote, na mtu wa Mwanza atalielewa haraka kwa mfano wa sangara.

Sangara akitoka majini hatumhesabu kama kitu kimoja. Minofu inakwenda kiwandani na kusafirishwa nje ya nchi. Bondo, lile puto la hewa lililo tumboni, lina wanunuzi wake na bei yake, na kilo ya bondo inaiacha mbali sana kilo ya minofu. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vinakaangwa na kuuzwa mitaani. Mvuvi aliyekopeshwa mafuta na nyavu na tajiri hana nafasi ya kugawa hivyo. Anafika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, samaki anapimwa mzima, bei anaitaja aliyemkopesha, na bondo linakwenda humohumo.

Filamu nayo ina minofu, bondo na mapanki yake. Haki ya kuionesha ukumbini ni kitu kimoja. Haki ya kuionesha kwenye televisheni ni kitu kingine, na inaweza kuuzwa nchi kwa nchi, tena kwa muda: miaka miwili Tanzania, mwaka mmoja Kenya. Haki ya mtandaoni ni ya tatu. Kuna haki ya kuitia sauti ya lugha nyingine, haki ya kuigeuza tamthilia, haki ya kutengeneza mwendelezo. Zote zinatoka kwenye kazi moja, na kila moja ina mnunuzi wake.

Watayarishaji wengi wa Bongo Movie waliuza sangara mzima. Wenyewe waliita kuuza master. Unapewa fedha ya mkupuo, mara nyingi nyingine ulishaichukua kama mkopo wa kuanzia kazi, unasaini karatasi inayotoa haki zote, kwa muda wote, kwa njia zote. Wakati ule njia iliyoonekana ilikuwa diski tu, kwa hiyo mtu hakuona anachokipoteza. Miaka ikapita, vikaja visimbuzi, ikaja YouTube, na filamu za zamani zikaanza kutazamwa upya na watu wengi kuliko walionunua diski. Fedha inakwenda kwa mwenye master. Mwigizaji anajiona kila siku kwenye simu za watu akiwa kijana, na hana pa kudai.

Ukitaka kujua kwa nini filamu huru ni jambo kubwa kwa maisha ya watu, na si mtindo wa wasomi, anza na karatasi ile.

Ilikufa na Kanumba?

Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, alifariki dunia tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Huku kwetu msiba ule uliingia kila nyumba. Baada yake mauzo yalishuka, na watu wakaunganisha mambo mawili. Naelewa kwa nini. Alikuwa mtu aliyewafanya watu wanunue diski kwa kuona jina lake kwenye kava.

Lakini tazama kilichokuwa kinatokea miezi ileile. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya analojia, mikoa mingine ikafuata, na kila nyumba ikalazimika kutafuta kisimbuzi. Mwaka 2013 ikaanza Azam TV. Simu za kupangusa zikaanza kushuka bei. Mwaka huohuo Serikali ikaleta stika za kodi za TRA kwenye kazi za muziki na filamu, ili diski halali itambulike na ile ya wizi ikamatwe. Nia ilikuwa njema, ila stika ilibandikwa kwenye chombo ambacho mteja alikuwa anakiacha. Hata steringi angekuwa hai, angekutana na nchi isiyo na deki.

Hili linatupeleka kwa wezi. Pale Makoroboi, eneo la biashara mjini Mwanza, utakuta kijana ana kompyuta, spika moja, na bango lililojaa picha za mashujaa wa filamu za nje. Kwenye kioo chake kuna mafaili yaliyopangwa vizuri: za Kikorea, za Kihindi, za mapigano, za Kinaijeria, zilizotafsiriwa, za Bongo. Unampa flashi, unamtajia unachopenda, anaburuta faili kutoka huku kwenda kule, unalipa, unaondoka. Ulicholipia ni kazi yake ya kunakili. Aliyetunga, aliyeigiza na aliyehariri hapati kitu. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyotuletea COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na kwa sheria hiyo jambo lile ni kosa.

Wizi umewaumiza wasanii, simtetei mtu. Ila kusema wizi peke yake ndio uliiua Bongo Movie hakusimami, kwa sababu kunakili kulikuwepo hata miaka ambayo soko lilikuwa limechangamka. Fikiri hivi: tungeamka kesho hakuna mwizi hata mmoja nchini, diski ungeiweka wapi? Kompyuta mpakato mpya hazina pa kuiingiza. Deki ya nyumbani iliharibika, haikununuliwa nyingine. Chombo kilichokuwa kinarudisha fedha kwa mtengenezaji kingeondoka tu, na hakuna aliyekuwa amejenga kingine chenye anwani ya msanii.

Na hili halikutupata sisi peke yetu. Huko Marekani mauzo ya DVD yalikuwa nguzo ya filamu za bajeti ya kati, nayo yalianguka. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148 na waigizaji siku 118, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa malipo ya kazi inapotazamwa tena na tena kwenye huduma za mtandaoni. Ukubwa wa fedha haufanani hata kidogo. Swali ni lilelile la kwenye kijiwe cha Mabatini: kazi yangu ikitazamwa, pesa inarudije kwangu?

Tamthilia: ajira ipo, umiliki je?

Wapo wanaosema tatizo limeshaisha, wasanii wamehamia kwenye tamthilia. Ni kweli vituo vya kulipia vimetoa kazi kwa waigizaji, waandishi, wapiga picha na mafundi taa, na tamthilia kama Huba na Jua Kali zimethibitisha kwamba Mtanzania hajachoka hadithi za kwao. Hiyo inatosha kuua dhana kwamba watu hawapendi tena kazi za nyumbani.

Ila kituo kikiagiza tamthilia kwa fedha zake, mara nyingi kazi inakuwa ya kituo. Ni haki yake, kimetoa mtaji. Msanii anapata ujira, na ujira mzuri si wa kudharauliwa. Ninachosema ni kwamba ujira na umiliki ni vitu viwili, na mkoa kama wetu, ulio mbali na ofisi za vituo hivyo, hauwezi kukaa kusubiri kuajiriwa. Pia kuna hadithi ambazo hazihitaji vipande 200. Zinahitaji dakika 80 na basi.

Za wazungu?

Dhana hii ina sababu yake hapa Mwanza. Filamu iliyoubeba mji wetu mbali zaidi duniani ni ya mgeni: Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, kuhusu sangara, ndege za mizigo za uwanja wa Mwanza na umaskini wa kando ya ziwa. Iliteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na wakazi wengi waliona mji wao umepakwa matope. Filamu ile ilikuwa huru kwa kila kigezo nilichokitaja juu. Sauper aliamua mwenyewe aseme nini. Sisi ndio tuliokuwa hatuna filamu yetu ya kuweka pembeni yake ili dunia ilinganishe. Tulijibu kwa hotuba na maandamano, na hotuba haioneshwi kwenye tamasha.

Mfano wa upande wa pili upo. Amil Shivji alichukua Vuta N'Kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, akatengeneza filamu kwa Kiswahili kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwaka 2021 ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto, mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi haikuwa imelifanya tangu Maangamizi mwaka 2001. Haikubadili lugha ili ieleweke ughaibuni. Tamasha ni dirisha moja la kuonekana, na kwa mtengenezaji wa kwetu ni mahali pa kukutana na wanunuzi wa haki. Tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, limekuwa likifanya hivyo tangu 1998, na ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, mwongozaji filamu Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kuandika na kuongoza. Kwenda huko si kuwauzia wazungu roho. Ubaya ni kutengeneza filamu ya tamasha tu, irudi Mwanza na cheti, na mama aliyekupa nyumba yake upigie picha asiione kamwe.

YouTube, na hesabu zake

"Si uweke YouTube tu?" Ushauri huu hutolewa na kila mtu. Ili chaneli ya video ndefu ianze kugawiwa fedha za matangazo, inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukivuka hapo, unacholipwa kinategemea matangazo, na matangazo yanategemea mtazamaji yuko nchi gani. Watazamaji 10,000 wa Tanzania hawaleti fedha sawa na watazamaji 10,000 wa Uingereza. Wenye kunufaika ni wanaopandisha vipande vifupi kila siku, mwaka mzima. Filamu moja uliyoihangaikia miezi minane ukiipandisha siku ya kwanza, umeitoa bure na umejifungia milango mingine, maana hakuna kituo kitakachonunua kilicho wazi kwa kila mtu.

Tufanye hesabu ya mfano, namba zangu mwenyewe za kuelezea tu. Filamu imegharimu milioni 12. Unaionesha mwenyewe kwa tiketi ya shilingi 3,000, watu 150 kila onesho. Onesho moja linaingiza 450,000. Ukifanya maonesho 20, Nyegezi, Igoma, Kirumba, Sengerema, Nansio, Magu, Musoma, umeingiza milioni 9. Nusu itakwenda kwenye ukumbi, usafiri, projekta, jenereta na vijana wa mlangoni. Umebaki na milioni 4.5. Haijarudisha gharama, lakini bado hujauza televisheni, hujauza Kenya wala Uganda, na umeshapata kitu ambacho wa Kariakoo hakuwahi kukupa: unajua kwa macho yako watu walicheka wapi na walianza kuangalia simu dakika ya ngapi. Televisheni ifuate, kwa mkataba wa muda. YouTube iwe ya mwisho, na hapo iwe kwenye chaneli yako.

Ugumu mkubwa ni mahali pa kuonesha. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Afrika ina skrini moja ya sinema kwa kila watu 787,402. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo hata tungefikia wastani huo mdogo tungekuwa na skrini nne au tano kwa mkoa mzima. Hakuna mfanyabiashara atakayetujengea kesho.

Tulichonacho ni kibanda umiza, na imani yangu iko hapo kuliko kwenye huduma zozote za kulipia za ughaibuni. Kibanda kina mabenchi, umeme, televisheni kubwa, na wateja wanaoijua njia yake usiku. Jumamosi na Jumapili ni mpira. Katikati ya wiki kinaonesha filamu za nje zenye sauti ya mtafsiri juu yake, na mwenye kibanda hana mkataba na mtu. Ukimfuata na filamu ya Kiswahili, iliyopigwa Igogo, yenye majina ya mitaa wanayoijua wateja wake, mkakubaliana malipo ya usiku mmoja, amepata kitu ambacho kibanda cha jirani hakina. Malipo ya mkupuo kwa usiku ni rahisi kuliko kugawana tiketi, kwa sababu kuhesabu vichwa kwenye giza huleta ugomvi. Na usimwachie faili. Nenda na kompyuta yako, cheza filamu, rudi nayo.

Sheria nayo iheshimiwe. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, filamu ya kuoneshwa hadharani inakaguliwa na Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja la umri. Wengi wanaikimbia hatua hii wakidhani uhuru ni kutoulizwa. Cheti kile ndicho kinachokuruhusu kwenda shule za sekondari na kumbi za halmashauri bila kufukuzwa. Ukikopa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, kumbuka ni mkopo, utarudishwa, kwa hiyo fanya ile hesabu ya maonesho kabla ya kusaini.

Kuhamia Dar es Salaam si lazima. Mwanza kuna miamba, kuna vivuko, kuna mji unaopanda vilima, kuna wacheza ngoma ya bugobogobo na Kiswahili chenye ladha ya Kisukuma ambacho bado hakijasikika vya kutosha kwenye filamu. Tunachokosa zaidi ni sauti. Filamu nyingi za huku zina picha nzuri, lakini upepo wa ziwa unavuma juu ya mazungumzo, na mtazamaji atavumilia picha yenye giza kabla hajavumilia maneno asiyoyasikia. Kabla ya kukodi kamera ya pili, kodi maikrofoni nzuri yenye kinga ya upepo na mtu anayejua kuitumia.

Kwa wanaotaka kupeleka maonesho visiwani, Ukerewe, Ukara na kambi ndogo zinazozunguka, pangeni ratiba kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, wanahitaji giza. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika, na hapo ndipo kambi zina watu wenye nafasi ya jioni. Tatizo ni kwamba mbalamwezi kali hufifisha picha kwenye turubai la nje, kwa hiyo tafuteni ghala au darasa, ama chagueni projekta yenye mwanga mkali zaidi ya ile ya mikutano, na mkubaliane bei na mwenyekiti wa mwalo kabla jenereta halijapanda kwenye mtumbwi.